Fagia Kwanza, Kisha Anika

Ndugu msomaji, sisi wa Ipinda tunalijua jua. Tunaanika mpunga. Tunaanika kakao. Je, hori la nguruwe tunalianika? Na chombo cha kukamulia maziwa?

Jua hukausha. Tena huua vijidudu vya magonjwa. Katika mwanga wake mna miale isiyoonekana kwa macho. Wataalamu huiita miale ya urujuanimno. Miale hiyo humharibu kijidudu, akashindwa kuzaana.

Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walijaribu jambo hili. Walitia maji yenye chakula cha vijidudu katika vichupa vya kioo. Vichupa vingine waliviweka juani. Vingine walivifunika. Vilivyofunikwa vikajaa vijidudu. Vilivyopigwa na jua vikabaki safi.

Siku hizi ziko taa zinazotoa miale hiyo kwa nguvu. Lakini zinahitaji umeme, na huunguza macho na ngozi ya mtu. Sisi tuanze na jua. Jua ni bure.

Miale hiyo ina udhaifu mmoja. Haipenyi kwenye uchafu. Kijidudu aliye chini ya mavi haguswi na jua. Ndiyo maana lazima kufagia kwanza. Wazee wetu Wanyakyusa walifagia zizi na kupeleka samadi migombani. Walifanya vyema.

Mimi ninafuga nguruwe. Kila asubuhi ninaondoa mavi na kuosha sakafu, mkojo upate kutoka. Mkojo ukikaa bandani hutoa hewa kali ya amonia. Hewa hiyo huwasha macho na kuumiza mapafu ya mnyama. Kisha ninasugua hori kwa maji na sabuni, na kulianika. Upande mmoja wa banda nimeuacha wazi, jua la asubuhi liingie. Upande wa pili una kivuli. Usimwache nguruwe mweupe juani kutwa. Ngozi yake huungua.

Hapa Kyela mvua ni nyingi. Siku ya mawingu jua halitoshi. Suuza vyombo vya maziwa kwa maji yaliyochemka.

Wala usidhani kwamba jua linatosha kwa kila ugonjwa. Mwaka 2010 homa ya nguruwe ya Afrika ilizuka katika wilaya yetu ya Kyela. Homa hiyo haina tiba. Inaweza kumaliza banda zima. Huletwa na nguruwe wagonjwa, nyama yao, hata viatu vyetu. Jua haliui ugonjwa ulio ndani ya nyama. Kwa hiyo usiwalishe nguruwe mabaki ya nyama ya nguruwe. Nguruwe akifa ghafla, usimle, usimuuze. Mwite bwana mifugo upesi.

Ndugu yangu, nguruwe mmoja ni sare na madaftari ya mtoto. Ni bati la nyumba. Kesho jua likichomoza, shika ufagio.