Biskuti za Simba na joto hili la Dar

Siku mbili tatu sijaonekana hapa, ni tesiti juu ya tesiti. Leo sina stori ya bumu wala ya foleni ya kafeteria. Leo ni habari ya mbwa. Watakaocheka wacheke, ila msome hadi mwisho.

Wale mnaofika pale nilipopanga Chang'ombe mnamfahamu Simba, mbwa wa mwenye nyumba. (Mzee ni Yanga wa kufa mtu, anasema kampa jina hilo ili awe anamfukuza kila siku.) Usiku ni mlinzi kweli kweli. Shida yake moja tu: hashikiki. Kumfunga mnyororo ni kukimbizana uwanja mzima. Sasa likapita tangazo mtaani: baada ya wiki tatu kuna chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mbwa aletwe na kamba. Mama mwenye nyumba akasema wazi, asipochanjwa anaondoka, maana nyumba ina watoto wanne. Na mama alikuwa sahihi, ugonjwa ule dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Ila "kuondoka" kwa mbwa mtaani kwetu mnajua maana yake.

Nikawaza, hivi saikolojia ya elimu tunayokariri ni ya nini? Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji wa chakula, si alifanya kazi na mbwa? Thorndike na Skinner nao wanasema tendo linalofuatwa na jambo zuri hurudiwa. Basi Simba akikubali kamba, apate kitu kitamu papo hapo, si baada ya dakika tano. Tena kiwe kidogo, asije akashiba somo likiwa halijaisha. Madaktari wa mifugo wanashauri vitafunwa visizidi asilimia 10 ya chakula cha mbwa kwa siku. Vile vya supamaketi kwa bumu hili sahauni, nikaamua kutengeneza mwenyewe.

Niliposema nahitaji unga, mama akaniambia, "Mwalimu, kuna unga stoo umeanza kuota ukungu, huo si ndo wa mbwa?" Jamani, hapa ndo penye somo. Nyumba ngapi tunafanya hivyo? Nikamjibu, "Mama, huo hata kuku tusiwape." Mahindi na karanga zikipata unyevu na joto huota kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hiyo. Mbwa naye hana kinga yoyote, tena ini lake huathirika upesi. Mwaka 2005 kule Marekani makumi ya mbwa walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Na usidanganyike kwamba ukipika inakwisha, moto wetu wa jikoni hauimalizi. Mama alinitazama, kisha unga ule tukaufukia shimoni.

Haya, mapishi. Viazi vitamu viwili, chemsha, menya, ponda. Dagaa wa Mwanza kiganja kimoja, wale wasio na chumvi. Waoshe mchanga vizuri, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, kisha watwange. Yai moja. Unga wa dona mpya, ongeza kidogo kidogo mpaka donge lisishike mikononi. Chumvi hapana, sukari hapana, mafuta hapana. Vitunguu maji na vitunguu saumu marufuku, vinaharibu damu ya mbwa. Chokoleti usimpe, wala zabibu, hata ziwe za Dodoma, wala bigijii zisizo na sukari zenye zailitoli. Mifupa iliyopikwa nayo hapana, inavunjika vipande vyenye ncha.

Sukuma donge liwe jembamba kama chapati, kata vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Oveni sina, kwa hiyo natumia mtindo wa keki ya mtaani: sufuria kwenye jiko la mkaa, makaa machache chini, mengine juu ya mfuniko. Zikiiva, usiishie hapo. Kuiva siyo kukauka! Zirudishe kwenye moto mdogo sana mpaka ukivunja moja ilie "kah!" Ikipinda, bado ina maji, na maji ndiyo yanayolisha ukungu.

Kuanika juani peke yake kwa Dar hakutoshi. Jua lipo, lakini hewa ya pwani imejaa unyevu, na nzi hawana adabu. Mimi jua namalizia nalo tu, kwenye sinia lililofunikwa chandarua, na kabla ya magharibi naingiza ndani. Halafu ziache zipoe kabisa ndipo ufunge kwenye kopo. Ukifunga zikiwa na moto, mvuke unatoa jasho chini ya mfuniko na kazi yako yote inaharibika. Friji hatuna, kwa hiyo napika kidogo na sivuki wiki moja. Ukiona hata doa moja la ukungu, tupa kopo zima, usichambue.

Mwenzangu wa chumba ni Mwislamu, na mate ya mbwa kwake ni najisi. Tulikubaliana mapema: sufuria kuukuu, kibao na mwiko wa kazi hii vinakaa nje, haviingii kwenye vyombo vyetu. Na biskuti naiweka chini, Simba halambi mkono wangu. Akaniambia, "Hapo sawa, hata kumlisha mnyama kuna thawabu."

Somo lilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na baada ya jua kuzama. Mchana mbwa anahema ulimi nje, ndiyo njia yake kuu ya kupoza mwili, hana hamu ya kula wala kujifunza. Mpe maji na kivuli tu. Siku ya kwanza nilipoinama kuweka biskuti, Simba alikimbia mpaka nyuma ya choo. Kwa mbwa wa mtaani, mtu akiinama anaokota jiwe. Siku ya nne alisogea. Wiki ya pili kamba ilikuwa inagusa shingo yake huku anatafuna. Siku ya chanjo tulikwenda naye kwa miguu, mfukoni nina biskuti kumi na tano. Zilibaki tatu. Kadi yake ya chanjo mama kaitia kwenye bahasha moja na kliniki za watoto.

Mwezi wa saba nakwenda mazoezi ya kufundisha. Naambiwa kuna watoto ambao mwalimu akipita karibu wanajikinga kichwa kwa mkono. Nimeshaanza kufikiria nitapitaje kwenye hayo madawati.

Haya wadau, betri inaniaga. Mwenye mbwa ajaribu, kisha aniambie wa kwake alichukua siku ngapi. Alamsiki.