MAGAZIJUTO na simu mpya ya mama mdogo

Nipo, msuli tu ndio umenibana, kesho tuna testi ya takwimu. Leo naongelea kikokotoo, na sio kile cha mafao ya wastaafu kilichozua kelele 2018. Hiki cha kubonyeza kwa vidole, kalkuleta.

Sisi wa shule za msingi za Kiswahili tunaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Tuliiimba mpaka basi. Ila kalkuleta nyingi za dukani hazijawahi kusikia habari zake. Bonyeza 2 + 3 × 4 kwenye ile kubwa ya mezani ya mwenye duka, utapata 20. Ya sayansi, mfano Casio fx-82MS, itakupa 14. Na hakuna mbovu hapo. Ya dukani inapiga hesabu palepale unapobonyeza alama inayofuata, ukifika kwenye × yenyewe imeshajumlisha, ina 5 mkononi. Ya sayansi inasubiri uandike yote. Usiponiamini nenda maabara ya kompyuta ufungue kikokotoo cha Windows: kwenye Standard kinatoa 20, hamia Scientific kinatoa 14. Programu moja, majibu mawili!

Sasa likizo iliyopita hiki kitu nusura kivunje undugu. Nyumbani Old Korogwe mama na mama mdogo wanauza matunda kwa abiria wa mabasi ya Moshi na Arusha, mauzo wanagawana nusu kwa nusu. Ijumaa walipata 186,000, Jumamosi 94,000. Mama akabonyeza kwenye kalkuleta yake ya miaka yote 186000 + 94000 ÷ 2, ikasema 140,000. Mama mdogo akabonyeza hivyohivyo kwenye simu yake mpya, ikasema 233,000. Kimya. Halafu nikasikia, "Dada, kumbe siku zote hizi..." Hakumalizia. Mama kainamia ndoo ya machungwa, hasemi kitu.

Nikawauliza, jamani, kila mmoja akichukua 233,000, hizo 466,000 zinatoka wapi wakati mmeuza 280,000? Hapo ndipo pumzi zikarudi. Simu ilifuata MAGAZIJUTO, ikagawa ile 94,000 ya Jumamosi peke yake, ikapata 47,000, kisha ikajumlisha 186,000. Dawa yake ni mabano, (186000 + 94000) ÷ 2, au ubonyeze = kabla ya kugawa. Mama mdogo kachagua =, mabano anasema tuwaachie walimu.

Na kalkuleta isiyo na mabano isidharauliwe, ina M+. Magunia 20 ya 45,000 na 15 ya 38,000? Futa kwanza kumbukumbu, piga 20 × 45000 M+, halafu 15 × 38000 M+, kisha MR: 1,470,000. Wapo wauza nafaka wanaoibonyeza hiyo M+ bila hata kuangalia.

Huku chuoni balaa ni mstari wa sehemu. Kwenye karatasi 24 iko juu, 2 × 3 iko chini, jibu 4, mtoto wa darasa la tano anajua. Mtu anabonyeza 24 ÷ 2 × 3 anapata 36, anaandika, anapiga mstari chini mara mbili. Mashine haijui nini kilikuwa chini ya mstari, lazima uiambie kwa mabano: 24 ÷ (2 × 3).

Halafu MAGAZIJUTO yenyewe ina kona. MAGAZI haina shida, ila JUTO hapo ndipo kwenye majuto. 10 − 3 + 2, ukianza kujumlisha kama wimbo unavyosema, 3 + 2 ni 5, unabaki na 5. Jibu ni 9! Kujumlisha na kutoa zina cheo kimoja, unakwenda nayo kutoka kushoto. Kwa hili ya dukani na ya sayansi zote zinakubaliana, ni wimbo wetu tu uliobaki nyuma.

Haya, kalkuleta yangu iko chumba cha jirani tangu juzi. Ngoja nikaifuate kabla hajalala nayo.