Ubao wa Funguo

Ofisini kwangu chuoni, nyuma ya mlango, palikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye kila msumari ulining'inia ufunguo: wa stoo, wa maktaba, wa maabara, wa bweni la wasichana. Kwa kuutupia jicho tu nilijua mlango gani uko wazi na ufunguo upi umetoka. Nautaja ubao ule kwa sababu ulinijia akilini mwaka 2013, tena kwa kuchelewa.

Binti yangu alikuwa amenipa kompyuta yake ya Macintosh baada ya kununua nyingine. Chini ya kioo chake kuna safu ya vipicha ambayo wenyewe huiita doki. Watu wa bandarini wangesema gati. Kila kipicha kina programu yake. Ukikibonyeza mara moja, programu inafunguka, na chini yake kinatokea kinukta cha kukujulisha kwamba iko kazini. Kushoto kabisa hukaa Finder, mwenye uso wa kutabasamu. Kulia kabisa, pipa la taka. Hao wawili hawang'oki. Waliobaki unawapanga upendavyo kwa kuwaburuta.

Wala safu hii si jambo la jana. Steve Jobs alipoondoka Apple mwaka 1985 alianzisha kampuni ya NeXT, na kompyuta zake zilikuwa na doki iliyosimama wima upande wa kulia wa kioo. Baadaye Apple iliinunua NeXT, Jobs akarudi, na mwaka 2001 doki ikatokea ndani ya Mac OS X, safari hii imelala chini. Kuna hata namna ya kuviamuru vipicha vivimbe kila kipanya kinapopita juu yake, kama maandazi yaliyotiwa kwenye mafuta. Mimi niliizima. Inanichosha macho.

Basi, mke wangu alifariki mwaka 2012, na tangu hapo nilikuwa nikiandika habari zake usiku, kidogo kidogo, hata zikafika kurasa arobaini. Usiku mmoja nilitaka kubonyeza kipicha cha programu ya kuandikia. Mkono ukatetemeka, nikakiburuta juu kidogo bila kukusudia, nikakiachia. Kikafumuka wingu dogo la moshi. Hakuna kipicha.

Sikupiga kelele. Nilifunika kompyuta, nikazima taa. Kwa miaka yote niliyokuwa mkuu wa chuo niliwaambia walimu wanafunzi kwamba mwanafunzi anayeuliza asichekwe. Na mimi mwenyewe nikakaa na siri yangu siku tatu kwa kuona haya. Niliona kwamba nimemzika mama yule mara ya pili, kwa kidole changu.

Siku ya pili nilichukua daftari na kalamu nianze upya. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Habari za ujana wetu zilikuja bila taabu. Lakini asubuhi ile ya mwisho, maneno aliyoniambia, sikuwa na hakika nayo tena, na haikuwa imetimia hata mwaka.

Siku ya tatu alikuja mjukuu wangu, wakati huo yuko darasa la tano. Akaniamkia, akafungua kompyuta atafute mchezo wake, akasema kama anayeulizia chumvi, "Babu, mbona ile ya kuandikia umeitoa?"

Nikamjibu kwamba imepotea. Akanitazama kwa huruma. Akafungua folda ya programu, na programu ilikuwa imekaa humo haina habari. Akaiburuta hadi kwenye doki. Kisha akafungua folda ya nyaraka, na kurasa zangu arobaini zilikuwa pale.

"Hiki cha huku chini siyo chenyewe, Babu. Ni cha kukipeleka tu."

Ndipo nilipoukumbuka ubao. Mara ngapi mtunza stoo alisafiri na ufunguo mfukoni, msumari ukabaki mtupu? Nilimfokea, ndiyo, lakini hata siku moja sikudhani kwamba stoo yenyewe imetoweka.

Tangu hapo doki yangu nimeipunguza, vikabaki vipicha saba. Vingine niliving'oa kimoja kimoja, na sitaficha kwamba nilifurahia ule moshi. Kwenye kompyuta za sasa sharti ukivute kipicha mbali na kungoja hadi litokee neno la kukuarifu kwamba unakiondoa. Wamefanya vyema kutuonea huruma wenye mikono mizito. Programu ya picha ilikuwa mwishoni, karibu na pipa la taka. Nikaihamishia kushoto, jirani na Finder.

Daftari sikulitupa. Nililinganisha asubuhi ile ya mwisho ilivyoandikwa pande mbili. Katika kompyuta aliniambia nifungue dirisha. Katika daftari aliomba maji. Zote mbili nimeziacha zilivyo.