Shangazi Ziwani Naivasha

Ijumaa, 16 Agosti 2024

Tumefika jioni. Shangazi amekataa katakata kupanda boti. Amechuma maua ya waridi hapa miaka na miaka, yakisafirishwa Ulaya, na ziwa lenyewe hajawahi kuliingia. "Yale ni maji ya viboko," amesema, akaendelea kumenya viazi.

Jumamosi, 17 Agosti

Saa mbili asubuhi Shangazi ndiye aliyetangulia botini, jaketi okozi amelifunga hadi kidevuni. Sikumwuliza.

Viboko walitoa masikio na pua tu. Kepteni akaeleza kwamba mchana hujificha majini kwa kuwa ngozi yao haistahimili jua, usiku hutoka kula nyasi. "Na sisi tulikuwa tukitoka kazini giza limeshaingia," Shangazi akamjibu. "Tukikutana nao njiani."

Kisha ukaja mchezo wa furukombe. Kepteni akamchomeka samaki kipande cha bua la mafunjo ili asizame, akapiga mluzi, akamrusha. Ndege akashuka, makucha yakachota, akapaa. Boti ya jirani wakapiga makofi. Mimi niliona ndege anaijua ratiba kuliko abiria.

Kilichonishika ni migunga iliyokauka, imesimama majini safu kwa safu, mnandi wametua juu yake. Iliota nchi kavu. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 ikazama na kufa. Watalii wanaipiga picha, na kusema kweli inapendeza, jambo ambalo lilinikera kidogo. Shangazi hakutoa simu. Alinyoosha kidole: "Njia yetu ilipita pale."

Kumbe Kepteni naye alikuwa mpangaji Kihoto, mtaa ambao maji yaliingia hadi ndani ya nyumba. Wakaanza kuulizana: mama wa chapati alihamia wapi, yule fundi baiskeli je? Boti ikielea, mashine imezimwa, saa yetu niliyoilipia ikiyoyoma. Nikanyamaza.

Jumapili, 18 Agosti

Kwenye chai Shangazi ameuliza mbona maji ya Naivasha hayana chumvi kama ya Elementaita, na hakuna mto unaotoka. Nimemwambia Malewa na Gilgil huleta maji, mengine hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Hakuridhika. Anataka kumwuliza Kepteni, ambaye namba yake ya simu, nimegundua, anayo tayari.