Jasho la Waliotuchezea

Mkataba wa kazi kati ya wachezaji wa besiboli wa Marekani na wenye timu unakwisha tarehe 1 Desemba 2026, na hapa Minnesota ninakoishi mjadala umeshaanza kazini, kanisani, hadi kwa vinyozi. Wenye timu wanatamani mishahara iwekewe ukomo. Chama cha wachezaji hakijawahi kukubali jambo hilo. Ni mvutano uleule uliosimamisha mchezo tarehe 12 Agosti 1994, ukafuta fainali za World Series kwa mara ya kwanza tangu 1904 na kudumu siku 232.

Mimi ni mhudumu wa wazee, kazi inayowalisha Wakenya wengi wa Brooklyn Park na vitongoji vya jirani. Wazee ninaowatunza wanaweza kusahau kama wamekula, lakini World Series ya 1991 hawaisahau. Yupo mmoja, fundi mstaafu wa reli, ambaye ukimwashia redio ya mechi wakati wa kumnyoa ndevu anatulia kabisa. Atakueleza jinsi Kirby Puckett alivyoupiga mpira ukavuka ukuta katika kipindi cha kumi na moja, mechi ya sita, Minnesota Twins wakapona. Atakueleza jinsi Jack Morris alivyorusha mpira vipindi kumi mfululizo katika mechi ya saba, akakataa kupumzishwa, mpaka Twins wakawafunga Atlanta Braves 1–0. Ila ukitaja 1994, uso unakunjamana. Anasema wachezaji waliharibu mchezo kwa tamaa ya pesa. Na mzee huyu enzi zake aligoma pamoja na wenzake wa reli, na pensheni anayokula leo ilipiganiwa na chama chao. Mgomo wake mwenyewe anausimulia kwa fahari.

Nimelifikiria jambo hilo sana, kwa sababu nalijua kutoka nyumbani. Kitu kikitufurahisha, tunaacha kukiona kuwa kazi. Anayekifanya tunampa mapenzi yetu, tunampigia makofi, kisha siku akiuliza habari ya malipo tunahisi ametusaliti.

Nimelelewa kwenye shamba kubwa la chai, upande wa Kericho unaopakana na Bomet, katika kijiji cha wafanyakazi ambako Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya walitenganishwa na ukuta mmoja tu. Kiswahili ndicho tulichoombania chumvi. Mama alichuna majani chai. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na hata Jumapili, baada ya kusugua kwa jivu na sabuni, weusi ule ulibaki kwenye mistari ya ngozi. Alivaa gamubuti na aproni ya plastiki kwa sababu ya umande, kikapu mgongoni, na jioni alipanga foleni kwenye mizani karani akiandika kilo. Karani akipunguza kilo mbili kwa ajili ya maji ya mvua, hizo zimekwenda.

Jumapili ilikuwa siku ya mpira. Uwanja wetu uliinama kidogo kuelekea mtoni, milingoti ya goli ilikuwa ya mkaratusi, na mvua ya alasiri ya Kericho haikosi miadi. Vijiji vya shamba vilishindania kombe la meneja. Golini tulikuwa na Mkisii mrefu asiyeogopa miguu ya mtu, kati alitawala Mjaluo mmoja wa kiwandani, na winga wetu wa kushoto alikuwa kijana wa Kipsigis mwenye mbio za kwao, ambaye mabeki walikuwa wakimkanya mapema kabla mechi haijaanza. Akina mama walisimama upande wa juu na miavuli. Ushindi ukipatikana tuliimba mpaka laini ya mwisho ya nyumba, na watoto tulilala tukibishana nani alitoa pasi ya goli. Nikiulizwa utoto wangu ulikuwaje, huo uwanja ndio unaonijia kwanza, nami sitauonea haya.

Lakini nakumbuka pia winga yule alipovunjwa kifundo cha mguu. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Jeraha la uwanjani halikuhesabiwa kuwa jeraha la kazini, ijapokuwa alikuwa amevaa jezi ya shamba, akichezea kombe la meneja, mbele ya meneja. Wiki alizolala hakuwa na kilo hata moja kwenye daftari la karani. Mke wake alikuja kwetu kukopa unga, na mama alimpimia bila neno. Kijiji kizima kiliendelea kusimulia magoli ya yule kijana. Sikumsikia mtu akidai alipwe.

Kwa hiyo niliposoma habari za Rod Carew, nilihisi nasoma habari za nyumbani. Carew, mzaliwa wa Panama, alikuwa mpigaji bora kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Twins. Mwaka 1978 mwenye timu, Calvin Griffith, aliwaambia watu katika mji wa Waseca kwamba aliihamishia timu Minnesota baada ya kujua kwamba huku watu weusi ni wachache. Carew alijibu kwamba hatakuwa mtu mweusi mwingine wa kutumikishwa katika shamba la Griffith. Alitumia neno "plantation", lilelile wanaloyaitia mashamba makubwa ya watumwa, na ya chai. Kabla ya msimu wa 1979 alikuwa ameshahamia California. Sanamu ya Griffith iling'olewa nje ya uwanja wa Target Field Juni 2020. Ya Carew ipo.

Kabla ya Carew alikuwapo Curt Flood. Mwaka 1969 timu yake ya St. Louis ilimbadilisha kwa wachezaji wa Philadelphia bila kumuuliza. Mkataba wa siku hizo ulimfunga mchezaji kwa timu moja maisha yake yote ya uchezaji, isipokuwa timu yenyewe iamue kumuuza au kumwacha. Mkesha wa Krismasi Flood alimwandikia kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa, akaenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua dhidi yake kwa kura 5 kwa 3. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1975, msuluhishi aliamua kesi ya wachezaji wengine wawili na mnyororo ule ukakatika. Waliofaidi ni waliokuja nyuma yake.

Katika kesi ya Flood, mwaka 1970, mmoja wa waliosimama kumtetea alikuwa Jackie Robinson, mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu ya karne ile, aliyeingia uwanjani Aprili 1947. Wachezaji waliokuwa kazini wakati ule hawakuja. Robinson alikuja, mvi kichwani, afya imemwendea kombo. Sasa kumbuka kwamba mwaka 1959 Robinson huyohuyo alitia saini barua ya kuchangisha fedha, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, ili vijana wa Afrika Mashariki waletwe Marekani kusoma. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Aliyekuwa akizunguka Marekani kuomba msaada huo ni Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Kenya. Sisi tulioko huku tunapenda kusimulia ndege za Mboya kama hadithi ya elimu peke yake. Zilikuwa pia hadithi ya watu wa vyama vya wafanyakazi, na mchezaji wa besiboli alikuwa mle ndani. Miaka michache baada ya ndege ile, mwaka 1963, vyama vya wafanyakazi wa mashambani Kenya viliungana kuwa KPAWU, chama ambacho mama alikatwa ada yake kila mwezi.

Chama cha wachezaji Marekani nacho kilipata nguvu kwa mtu wa viwandani. Marvin Miller aliyeanza kukiongoza 1966 alitoka chama cha wafanyakazi wa chuma. Kima cha chini cha mshahara wa ligi kuu kilikuwa dola 6,000 kwa mwaka. Msimu wa 2026 ni dola 780,000. Wapo wanaochukizwa na hesabu hiyo, na mzee wangu wa reli ni mmojawapo, lakini fedha za tiketi na televisheni zingekuwapo hata kama wachezaji wangebaki na 6,000. Zingelala kwenye mfuko mwingine. Na walioko chini walichelewa kufikiwa: vijana wa St. Paul Saints, timu ya akiba ya Twins ninayoipenda kwa sababu mtu wa kipato changu anamudu tiketi yake, walikuwa ligi ya daraja la AAA ambayo kima chake kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka mpaka walipoingia chamani 2022 na kupata mkataba wa kwanza 2023, kikapanda hadi 35,800.

Hapo ndipo nyumba zangu mbili zinapoachana. Mwaka 1995 wenye timu walijaribu kuanza msimu kwa wachezaji wa kuokoteza. Watu waliwatazama mazoezini wakaona tofauti. Tarehe 31 Machi jaji Sonia Sotomayor, kabla hajafika Mahakama ya Juu, alitoa amri dhidi ya wenye timu na mgomo ulioanza 1994 ukaisha. Hukuweza kumbadilisha mpigaji kama Tony Gwynn na mtu yeyote. Mchuma chai anabadilishwa na mashine. KPAWU imezipinga mashine hizo kwa migomo, mwaka 2010 na baadaye, na bado zimeongezeka. Mei 2023 watu wenye hasira walizichoma moto Kericho na uhai ukapotea. Mashine haivunjiki kifundo cha mguu na haina ada ya chama. Mashamba yenyewe yamebadilisha wenyewe mbele ya macho yetu: ya James Finlay, kisha yale yaliyokuwa ya Brooke Bond na baadaye Unilever, yamekwenda kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Wafanyakazi waliuzwa pamoja na miche, na sikusikia kwamba kuna aliyeulizwa, kama Flood.

Kuna jambo jingine ambalo kumbukumbu yangu ya uwanja haiwezi kulikwepa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kipa wetu Mkisii na familia yake walikimbia usiku. Nyumba yao ilivunjwa. Baadhi ya waliowafukuza walikuwa wamempigia makofi golini. Wengine wa jamii yake wako Minnesota hii hii, tunakutana kwenye harusi na matanga, na mazungumzo yakifika kwenye mpira wa mashambani tunacheka pamoja, kisha mtu anaulizia fulani yuko wapi siku hizi, na meza inanyamaza. Anayetaka kuusimulia uwanja ule na ausimulie wote.

Kericho iliwahi kuonja mpira wa kulipwa. Zoo Kericho walipanda ligi kuu 2017, na vigogo wa Nairobi wakalazimika kuja Green Stadium na kuloana mvua yetu. Tulioko ughaibuni tulipigiana simu usiku wa manane. Mwaka 2021 FIFA ikawafukuza ligi kuu kwa kupanga matokeo. Iliniuma, inaniuma hadi leo. Sitawatetea waliouza mechi. Lakini ilikuwa ligi ambayo mwaka 2019 SportPesa ilipojitoa, mishahara ilikauka klabu kwa klabu, na Sony Sugar ikaondolewa baada ya kushindwa kufika kwenye mechi tatu kwa ukata. Mchezaji asiyejua atalipwa lini yuko peke yake siku anapopigiwa simu na mtu mwenye bahasha. Wachezaji wa Chicago waliouza World Series ya 1919 walikuwa pia watu wenye kinyongo cha malipo, na kosa lao ni lao, ila Wamarekani walihitaji nusu karne zaidi kukitazama kile kinyongo.

Nikiupima upande huu na ule, sioni kwamba Marekani inawapenda wachezaji wake kuliko sisi. Wachezaji wa huku walijipatia jina la mfanyakazi kwa kupigania, kwa gharama ya mtu kama Flood, na jina hilo ndilo linalowalinda siku makofi yakigeuka matusi. Nyumbani tuna mapenzi tele. Picha za vilima vya kijani vya Kericho na Bomet hazikauki kwenye simu zetu, wala hadithi za Wilson Kiprugut Chumo, kijana wa Kericho aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo 1964. Kwenye picha hizo wachumaji huonekana kama madoa ya rangi katikati ya majani.

Kikundi chetu cha hapa Minnesota kinachangisha fedha za mashindano ya vijiji huko Bomet mwezi Desemba. Kombe limeshanunuliwa, na jezi zimepatikana. Mimi nimesimama kwenye mkutano nikataka fungu la kwanza litoke kwa bima ya wachezaji, na kila mchezaji aliye kibarua wa kutwa alipwe siku anazokosa kuchuma, akiumia au asiumie. Mwenyekiti, mzee wangu ninayemheshimu, alisema tutaua moyo wa kujitolea, kwamba zamani vijana walicheza kwa mapenzi. Nilimjibu kwamba walicheza kwa mapenzi na wake zao wakakopa unga. Wajumbe wamekubali bima na muuguzi wa uwanjani. Posho ya siku bado tunabishana, na kikao kijacho nitakwenda na hesabu ya kilo: kijana wa kawaida anachuma kiasi gani kwa siku, na kiasi hicho kwa bei ya sasa ni shilingi ngapi.