SEHEMU YA 4: Kadi ya kliniki niliyoikuta kwa mama

Wengi mmekuwa mkiniuliza inbox kuhusu watoto wasioongezeka uzito. Leo sitawajibu kama nesi. Nitawaambia yaliyonikuta mwenyewe.

Nimekulia Butiama, kwenye nyumba ya wakulima. Kwetu kurudi shamba siyo aibu, hata Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi hapo hapo kulima. Sisi tulilima mihogo, mtama, ulezi na karanga. Alfajiri tunatoka na mama, mdogo wangu yuko mgongoni, uji wa ulezi uko kwenye dumu. Dagaa tulinunua, zinatoka ziwani Musoma. Hela hatukuwa nayo, ila njaa siikumbuki.

Nikasoma uuguzi, nikaajiriwa mbali. Mwanangu alipofika mwaka na miezi miwili, zamu za usiku zikanishinda na dada wa kazi kaondoka, nikampeleka kwa bibi yake. Kabla sijaondoka nikabandika karatasi ukutani: uji wa unga wa lishe wa paketi, maziwa, biskuti. Chini kabisa nikaandika: asipewe vya shambani.

Miezi minne baadaye nikaja likizo. Nilipomnyanyua tu, moyo ukashtuka. Mwepesi! Nikafungua kadi ya kliniki, mstari umelala miezi mitatu. Nikampeleka kituo cha afya, akapimwa, malaria hana. Niliporudi nyumbani nikampandishia mama sauti. Mama yangu mzazi, jamani.

Hakunijibu papo hapo. Alinyoosha kidole kwenye ile karatasi, akasema, "Si wewe uliandika, mwanangu? Wewe ndiye nesi. Paketi zikikaribia kwisha nilikuwa naongeza maji, uji ufike mpaka utume hela tena."

Niliishiwa nguvu. Humo humo ndani kulikuwa na gunia la karanga, ulezi kwenye debe na dagaa zimeanikwa uani. Mtoto alikuwa anashibishwa maji kwa sababu mimi, niliyelelewa na vyakula hivyo, nilivionea aibu.

Nikampigia mama magoti, nikaomba msamaha. Kesho yake tukaanza upya, yeye anapika, mimi naangalia. Uji wa ulezi mzito, ukiuchota na kijiko haumwagiki ovyo. Ndani yake karanga zilizosagwa laini (nzima usimpe mtoto mdogo, zinapalia) au unga wa dagaa. Mchana ugali laini na mboga za majani zilizoungwa karanga, au yai. Milo mitatu mpaka minne, na kitu kidogo katikati kama papai au ndizi. Mwezi uliofuata mstari ulipanda. Kidogo, lakini ulipanda.

Kwa hiyo mama, mstari ukilala usisubiri, mpeleke mtoto akaangaliwe kwanza, inaweza kuwa ugonjwa. Na kama mtoto analelewa na bibi, kabla hujatuma orodha muulize: nyumbani kuna nini? Uji ni mzito kiasi gani? Hela ikichelewa mnafanyaje? Mimi sikuuliza hata moja.

Mtaniuliza kwa nini nilimwachisha ziwa kabla ya miaka miwili. Hilo nalo nina kosa, nitalieleza sehemu ya 5.

Wewe mwanao analelewa na nani? Niandikie hapo chini.