Moyo Ukidunda Jukwaani

Wanafunzi wenzangu, mliokuwepo siku ile ya mjadala nikiwa kidato cha pili mnakumbuka. Nilisimama nikasema, "Mwenyekiti mwadilifu, majaji waheshimiwa, katibu, mtunza wakati..." kisha kimya! Magoti yaligongana, ulimi ukanata kwenye kaakaa. Mtu kule nyuma akapiga mluzi, ukumbi ukaangua kicheko. Nikarudi kuketi bila kutoa hoja hata moja. Muhula mzima nilikwepa mikutano ya chama nikisingizia kwamba kwetu ni mbali.

Nilidhani nimezaliwa mwoga, basi. Lakini mwalimu mlezi wa chama akanisimulia habari za Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kufariki mwaka 2021. Huyu mzee hakuwahubiria watu walioogopa nyoka ati wajiamini. Aliwasogeza polepole: wamtazame mwingine akimshika nyoka, wakaribie, waguse kwa glavu, mwishowe kwa mikono mitupu. Mwaka 1977 aliandika kuwa imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa hasa na yale aliyoyafaulu yeye mwenyewe. Kumwona mwenzako akifaulu husaidia, na maneno ya kutia moyo pia, ila si sana. (Mama hakubaliani na hapo, lakini tuendelee.)

Na magoti je? Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Ikihisi hatari hupiga mbiu, adrenalini inamwagika, moyo unadunda. Kwangu mimi, macho ya shule nzima yalikuwa chui. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kuwa waliojiambia wana hamasa kabla ya kuhutubia walifanya vyema kuliko waliojiambia watulie. Hilo nililijaribu, nikajiona mjinga kidogo, lakini lilisaidia.

Mwalimu alinianzisha chini kabisa. Kwanza nisome tangazo darasani, sentensi mbili tu. Halafu methali ya wiki mbele ya chama. Kisha, Ijumaa moja, habari za michezo kwenye gwaride. Karatasi ilitetemeka kama jani la mgomba, lakini nilifika mwisho. Kama kuna aliyecheka, sikumsikia.

Muhula huu nimejiandikisha tena katika mjadala, upande wa upinzani. Yule aliyenipigia mluzi ndiye mtunza wakati.